Mama Tunu, usimpe fundi hiyo kompyuta kwanza

Mama Tunu shosti wangu,

Salaam nyingi, za Masasi, za watoto, za korosho? Sisi huku Mbagala wazima, baba Jabu na mafua yake yale yale lakini kazini anaenda. Voisi yako nimeisikiliza jana usiku, asubuhi kwenye daladala nikairudia tena, nimeona bora nikuandikie kabisa maana mambo haya nikikutumia kwa sauti utakuwa unarudisha nyuma kila saa huku mteja amesimama anasubiri kopi zake.

Kilichonifanya niandike ni hilo la waifai ya kompyuta yako ya dukani kukata kata na huyo fundi anayetaka kuitengeneza. Shosti nakuomba, usimpe hiyo kompyuta Jumamosi. Kama ushamwahidi mwambie asubiri kidogo, mwambie mimi ndio nimekataa, lawama nibebe mimi. Anataka kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, halafu ndio aone kama waifai itakaa sawa, si ndio alivyosema? Sasa akipiga window bila kuhamisha vitu, lile daftari la kikoba la tangu mlipoanza linakwenda, CV za vijana wa watu zinakwenda, mitihani ya walimu, kadi za mchango wa harusi ya mdogo wake bi Zuhura, vyote vinakwenda. Na umesema mwenyewe hukumbuki mara ya mwisho kuvihamishia kwenye flashi ilikuwa lini. Hapo usingizi wangu ukapaa.

Halafu hata tukiacha mafaili, kupiga window kwa tatizo la aina hii mara nyingi hakumalizi kitu. Itakaa vizuri siku mbili tatu, hela umeshalipa, umefurahi, kumbe Windows ikishapata mtandao inajitafutia draiva yenyewe na inaweza kukuletea ile ile iliyokuwa inakusumbua, mnarudi pale pale. Draiva ndio ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia hicho kidude cha waifai ulichochomeka kwenye tundu la USB, au niseme vizuri, kuitumia chipu iliyo ndani yake, maana cha muhimu ni chipu, nitakuja huko. Draiva isipoelewana na chipu kidude kizima kabisa kitaonekana kimekufa. Na chako naona hakijafa, umesema ukikichomoa na kukirudisha kinashika mtandao tena, kilichoungua huwa hakirudi kirahisi hivyo. Ukitaka kuhakikisha kichomeke kwenye laptop ya ticha hapo jirani, akae nacho mchana mzima. Kisipokata kule basi tatizo liko kwenye kompyuta yako na sio kwenye kidude, na hapo hutakuwa na sababu ya kwenda kununua kingine.

Na hilo la kwamba Windows 10 imefungwa ndio maana waifai inakata, hapana jamani. Kweli Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, apdeti za usalama za kawaida zimekoma hapo, na ni jambo la kulifikiria kwa wakati wake kwa sababu humo unaingiza namba za NIDA za watu na vyeti vyao. Lakini draiva iliyokuwa inafanya kazi tarehe 13 hakuna aliyeizima tarehe 14. Na prosesa, ubongo wa hiyo kompyuta yako, ni Intel i5 ya kizazi cha sita, Windows 11 kwa utaratibu wao inaanzia Intel ya kizazi cha nane na inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, sasa hiyo Windows 11 fundi anayotaka kukuwekea ataipitishia wapi? Atapita njia za panya, na baadaye apdeti zikigoma utamtafuta, na wakati huo yeye ... basi tuyaache.

Sasa nisikilize. Kabla hujagusa chochote chukua ile eksteno ya muvi, ile diski ya nje, futa za zamani upate nafasi, hamishia kila kitu kilichopo Desktop na Documents. Daftari la kikoba liweke na kwenye flashi pia, halafu flashi ukae nayo nyumbani. Fanya leo hii kabla hujafunga. Hizo ni hela za akina mama wenzio na wewe ndio katibu.

Ukishamaliza hapo, chunguza kinakata wakati gani. Hili watu hawaliangalii kabisa na ndio linalosema kila kitu.

Kama kinakata pale ambapo umetulia, mteja anajisomea fomu ya mkopo wa HESLB ukurasa kwa ukurasa, wewe hubonyezi kitu, ukija kubonyeza unakuta mtandao hakuna, hapo wa kwanza kumshuku ni mambo ya kuokoa umeme. Windows imeruhusiwa kukizima kidude kikiwa hakina kazi. Kwenye laptop inayokula betri ina maana, kwenye kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani haikusaidii chochote, na draiva nyingi za vidude vya bei poa zikishalala haziamki vizuri, ndio maana mpaka uchomoe. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, fungua "Network adapters", raiti-kliki jina la kidude, ingia "Properties" halafu "Power Management", toa ile tiki inayoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Halafu nenda Control Panel, "Power Options", fungua zile seting za ndani kabisa, kuna sehemu ya USB imeandikwa "USB selective suspend", iweke "Disabled". Hapa kazini kwetu kompyuta za maktaba zilikuwa zinakata hivyo hivyo, wanafunzi kila siku ruta mbovu, ruta mbovu, na simu zao kwenye ruta hiyo hiyo zinapeta tu. Tukaenda moja moja tukatoa tiki na malalamiko yakaisha.

Lakini kama kinakata pale unapomjazia mtu muvi, yaani eksteno inafanya kazi, hilo ni jambo lingine kabisa na kwa ninavyoijua meza yako nahisi na hili limo. Si bado unachomeka eksteno kwenye tundu la bluu pale mbele na kidude cha waifai kiko tundu la pembeni yake? Yale matundu ya bluu ni USB 3.0, na USB 3.0 ikiwa inapitisha data inatoa kelele za redio zinazoangukia kati ya 2.4 na 2.5 GHz, ambapo ndipo waifai ya kawaida inapofanyia kazi. Sio maneno ya mtaani haya, Intel wenyewe waliandika ripoti mwaka 2012 wakaeleza na namna ya kupunguza. Kidude chako kinashika 2.4 tu, hakina pa kukimbilia. Kwa hiyo kihamishie nyuma ya sipiyu kwenye tundu jeusi, mbali na eksteno, au bora zaidi tumia waya wa USB wa kurefushia ukiweke juu ya meza kinapoiona ruta, maana nyuma kule bati la sipiyu nalo linazuia. Huo waya usihangaike nitakutafutia huku mjini nikutumie na basi.

Tatu, na hapa ndipo draiva yenyewe inapoingia. Umesema shida ilianza mwezi wa kumi baada ya ile apdeti iliyokaa usiku inahesabu asilimia. Rudi pale pale Device Manager, kwenye "Properties" za kidude kuna sehemu imeandikwa "Driver", soma tarehe ya draiva na namba ya toleo, piga picha unitumie. Kama siku ile draiva nayo ilibadilishwa utakuta kitufe cha "Roll Back Driver" kinabonyezeka, kibonyeze, kinairudisha ile ya mwanzo, basi. Kikiwa cha kijivu usikate tamaa, bonyeza "Update Driver", usichague itafute yenyewe, chagua utafute kwenye kompyuta yako, halafu lile chaguo la chini la kuletewa orodha ya draiva zilizomo. Mara nyingi utakuta mbili au zaidi zenye jina lile lile ila tarehe tofauti. Chagua ambayo sio inayotumika sasa, ijaribu mchana mzima wa kazi kabla hujaihukumu. Na ukimaliza bonyeza Restart, usizime na kuwasha, maana kwenye Windows 10 ule uwashaji wa haraka ukiwa umewekwa, ukizima kompyuta inahifadhi hali ya mfumo na draiva zikiwemo, kesho inaamka nayo ile ile. Restart ndio inayoanza upya kweli. Wangapi wanazima na kuwasha wiki nzima wakidhani wamefanya kitu!

Ikishindikana kabisa ndio tunaenda kutafuta draiva ya chipu yako hasa, na hili niachie mimi, wewe nipe tu namba. Pale pale "Properties", sehemu ya "Details", chagua "Hardware Ids", itakuja mistari yenye VID (namba ya kampuni) na PID (namba ya bidhaa), kila moja inafuatwa na alama nne, tarakimu au herufi. Hizo nne nne ndio kabila la chipu. Cha kwetu cha maktaba kwa mfano kinasoma VID_148F na PID_7601, hiyo 148F ni kampuni ya Ralink, walionunuliwa na MediaTek mwaka 2011, na chipu yenyewe ni MT7601. Nikiwa na hizo hata boksi silihitaji. Kwa sababu boksi halisemi kitu mama Tunu, kidude chenye jina moja na rangi moja kinatoka toleo la kwanza na chipu hii, toleo la tatu na chipu nyingine kabisa, na ile sidii ndogo waliyoweka humo ni ya zamani. Kununua kwa kuangalia boksi ni sawa na kununua kanga kwa rangi bila kusoma jina, halafu unamvalia mkwe.

Na ukiona kwenye mtandao zile programu zinazosema zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, usiziguse! Nyingi zinabandika draiva ya kubahatisha na juu yake zinakuletea matangazo na takataka nyingine. Draiva ichukuliwe kwa waliotengeneza kidude au chipu.

Najua utaniuliza, sasa mtandao wa kupakulia huo unatoka wapi na waifai ndio hiyo imekata? Chukua simu yako, ichomeke kwa waya wa chaji kwenye kompyuta, ingia kwenye seting za hotspoti washa "USB tethering". Kompyuta itapata mtandao kwa waya, waifai haihusiki kabisa. Hata hao wanaohangaika na maombi ya Ajira Portal dakika za mwisho unaweza kuwamalizia hivyo, bando lako tu liwe zima na uwatoze kidogo, usiwe mpole kupita kiasi.

Nimeandika mengi kumbe. Lakini shosti inaniuma kweli, hiyo kompyuta uliinunua kwa hela za korosho za mama, tulitoka nayo Kariakoo ukiwa umeipakata kwenye bajaji, leo mtu aifute kila kitu kwa ajili ya tiki moja na tundu la USB? Fundi wako sio mtu mbaya, amezoea tu hiyo dawa moja kwa kila ugonjwa. Akija mkaribishe soda, mwoneshe haya niliyoandika, akiwa muungwana mtafanya pamoja na atajifunza, na umlipe muda wake.

Mengine, mama Shani amejifungua salama, wa kike, kafanana na bibi yake mpaka watu wanashangaa.

Sasa nijibu haya: taa ya kidude inapokata inazimika au inaendelea kuwaka? Simu yako kwenye ruta hiyo hiyo wakati huo inakuwa na mtandao? Device Manager inaonesha alama ya njano, na ukifungua kuna namba gani ya kosa (Code), 10 au 43? Eksteno umeihamisha? Mafaili umeshayatoa au bado unasoma tu barua? Tunu kapona kile kikohozi? Mwaka huu mnauza korosho zote au mtaniwekea za kubangua, na Desemba unakuja au ndio utanipa tena habari za wateja wengi? Waya niutume kwa basi la asubuhi au la usiku, maana la usiku sijui utapokea na nani.

Jibu hata usiku sana, niko macho.

Wako,
Mama Jabu