Barua kwa rafiki mtunzi: Mwezi una sura, jua lina kazi

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na wote walio nyumbani mwako. Mimi ni mzima. Mswada wako wa mashairi ya watoto kuhusu jua na mwezi umenifikia salama, nami nimeusoma kimoyomoyo kisha kwa sauti, kwa kuwa shairi la mtoto lisiposikika halijasomwa. Uliniomba nisikufiche kitu, kwa hiyo nitayasema yote niliyoyaona humo bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nianze na ubeti ulioniteka kuliko yote, nao ni huu:

Nikienda, nawe wenda,
Nikipanda, umepanda,
Mwezi, nani wampenda,
Mimi au sisi sote?

Hapa umelishika jambo ambalo karibu kila mtoto amelishuhudia na ambalo sisi watu wazima tumeacha kulishangaa. Mtoto anayetembea usiku huku ameshikwa mkono huinua uso, akauona mwezi unakwenda naye. Akikimbia, nao unakimbia. Akisimama ghafla ili kuutega, nao umesimama. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyekuwa akiwahoji watoto wadogo kuhusu mambo ya ulimwengu, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1926 jinsi watoto wanavyoamini kwa dhati kwamba jua na mwezi huwafuata. Sababu yenyewe ni umbali. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani, kwa hiyo hatua zetu chache hazibadilishi hata kidogo upande tunakouona, ilhali miti na kuta zilizo kando ya njia hurudi nyuma yetu moja baada ya nyingine, na jicho likahukumu kwamba kisichorudi nyuma kinatufuata. Wewe hukuyaeleza haya, nami nakusihi usithubutu kuyaeleza, maana maelezo yangeuua ubeti. Umemwachia mtoto swali, na swali lenyewe lina akili kuliko linavyoonekana, kwa sababu watoto wawili wakiagana na kushika njia mbili tofauti, kila mmoja atafika kwao akidai kwamba mwezi ulimsindikiza yeye. Mtoto atakayelifikiria hilo vizuri ataifikia sababu kwa miguu yake mwenyewe.

Umenikumbusha kile kitendawili cha "Kila niendapo ananifuata." Jibu tulilozoea ni kivuli, lakini sioni kwa nini mtoto anayejibu "mwezi" adaiwe mji.

Sasa nije kwenye mashairi ya jua, ambayo, nikuambie ukweli, hayajafikia kimo cha yale ya mwezi. Nimejiuliza ni kwa nini, na naona lawama si yako peke yako. Mwezi una sura: unatazamika, una madoa ambayo kila jicho huyachorea kitu chake, unanenepa na kukonda, unapotea na kurudi, kwa hiyo tayari una kisa ndani yake. Jua halitazamiki. Mtoto halijui kwa sura. Analijua kwa kazi zake, yaani kwa mgongo uliopata joto, kwa udongo uliopasuka, kwa kivuli kirefu cha asubuhi ambacho kufikia adhuhuri kimejikunyata chini ya miguu. Pale ulipoandika kuhusu kazi hizo, shairi limesimama imara. Pale ulipojaribu kulipamba jua kwa sifa za uso wake, kwamba ni la dhahabu, ni duara, ni zuri na linatabasamu, maneno yamebaki hewani. Linganisha kurasa hizo na mistari yako hii miwili kuhusu nguo iliyoanikwa:

Shati lilijaa maji,
Jua, wewe u mnywaji!

Nilicheka peke yangu. Mstari wa pili una utani, una ukweli wa mambo, na mtoto yeyote aliyewahi kushika nguo mbichi, akairudia baadaye akaikuta kavu, ataelewa bila kufafanuliwa. Ningependa mashairi yote ya jua yatoke katika kisima hicho hicho.

Kuna mstari mmoja ambao nakuomba uufute kabisa, nao ni ule wa "Njoo tulitazame jua." Najua hukukusudia ubaya, na katika shairi la watu wazima usingekuwa na neno. Mtoto, hata hivyo, hulichukua shairi kama agizo. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha haina neva za maumivu, kwa hiyo inaweza kuungua na mtoto asihisi chochote wakati huo. Mwambie atafute kivuli chake, akipime kwa hatua, aone kimeelekea wapi. Kwa njia hiyo atakuwa anachunguza jua lenyewe huku akilipa kisogo.

Jambo ambalo nimelifikiria kuliko mengine yote katika mswada huu ni mistari hii, ambayo umeirudia kama kibwagizo:

Jua likishajilaza,
Mwezi huja kuangaza.

Mizani imetimia na vina vimelala vizuri, ndiyo maana nasikitika kuigusa. Sina ugomvi na jua kujilaza. Mtoto anajua vizuri kwamba jua halina kitanda, kama anavyojua kwamba sungura hasemi, na bado anafurahia hadithi ya sungura. Tatizo liko katika neno "huja." Linamwambia mtoto kwamba mwezi na jua hupokezana zamu, mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia, na hilo anaweza kulikanusha kwa macho yake mwenyewe. Katika siku za kuelekea mwezi mpevu, mwezi huonekana alasiri upande wa mashariki hali jua bado linawaka. Katika siku zinazofuata mwezi mpevu, huonekana asubuhi upande wa magharibi, mweupe kama kipande cha wingu. Ukijumlisha mwezi mzima, saa ambazo mwezi uko juu ya upeo wakati wa mchana hazipungui sana zile za usiku, na zipo nyakati za usiku ambazo hauji kabisa. Ni usiku wa mwezi mpevu tu ambapo kibwagizo chako kinasema kweli, kwa maana hapo mwezi huchomoza takriban wakati ule ule jua linapozama.

Niliwahi kumsikia mtoto akisema kwa mshangao, huku ananyoosha kidole angani asubuhi, kwamba mwezi umesahau kwenda nyumbani. Yeye alikwisha kufundishwa mashairi ya zamu, ndiyo maana alidhani mwezi umekosea. Fikiria utajiri uliokuwa pale laiti shairi alilolijua lingekuwa limempokea pamoja na mshangao wake! Kwa kuufuata mwendo wa ubeti wako ule wa kwanza, nimejaribu hivi:

Nimekiona kioja,
Mwezi na jua pamoja.
Mwezi, nani wamngoja
Na kumeshapambazuka?

Huenda wewe ukapata mistari bora zaidi. Ninachotaka ni kwamba shairi la mtoto liweze kutoka naye nje, yeye atazame juu, na mbingu isimwambie kwamba mtunzi alimdanganya. Kujifanya kunaruhusiwa kwa mapana yake yote, mradi yale yanayoonekana kwa macho yawekwe yalivyo.

Kwa kipimo hicho hicho, shairi lako la mwezi mchanga linahitaji kurekebishwa kidogo. Umeuchomoza mashariki usiku wa manane, ilhali mwezi mchanga huonekana magharibi mara baada ya jua kuzama, kisha nao hulifuata jua na kutua mapema. Upande wake uliong'aa daima huelekea lilikozama jua, na hilo peke yake lingetosha kuwa shairi, kwa mfano mtoto anayemgeukia mzazi anayeondoka. Aidha, mwambie mchoraji asiweke nyota katikati ya pembe mbili za mwezi. Mahali pale hapako wazi. Ni mwili wa mwezi wenyewe usiopigwa na nuru, na hakuna nyota inayoweza kuonekana mbele yake. Watoto hawatalalamika leo, lakini kuna mmoja atakayelikumbuka siku moja na kukuuliza.

Shairi la "Jua kubwa, mwezi mdogo" ni sahihi kwa vitabu na si sahihi kwa macho, jambo ambalo linaweza kuligeuza kuwa shairi zuri. Kipenyo cha jua ni takriban mara 400 ya kipenyo cha mwezi, na jua liko mbali takriban mara 400 kuliko mwezi, kwa hiyo tukiwa hapa chini tunaviona vyote viwili vina ukubwa unaokaribia kulingana, na ndiyo sababu mwezi huweza kulifunika jua barabara wakati wa kupatwa kwake. Mtoto anayesema kwamba vinalingana hajakosea kuona. Badala ya kumsahihisha, mwache anyooshe mkono na kuuziba mwezi kwa kidole chake cha mwisho, maana kinatosha na kusaza, kisha aulize kuna nini nyuma ya kidole. Hizo kilomita ziache kwa walimu.

Ngonjera yako ya jua na mwezi wakibishana ni wazo ambalo ningelipa nafasi kubwa zaidi, pengine hata katikati ya kitabu, kwa kuwa watoto wanapenda kugawana sehemu na kujibizana. Udhaifu wake ni kwamba wabishani wako wanajisifu tu, na kila mmoja angeweza kusema maneno ya mwenzake bila mtu kutambua. Wape silaha zilizo zao. Jua lina haki ya kudai kwamba nuru ya mwezi ni yake. Na mwezi, ambao kwa kweli ardhi yake ni ya kijivu iliyoiva na hurudisha takriban asilimia 12 tu ya nuru inayoupiga, una jibu moja ambalo jua halina namna ya kulivunja. Tazama ubeti mmoja ukigawanywa baina yao, mistari miwili ya kwanza ikisemwa na jua na miwili ya mwisho na mwezi:

Nuru hiyo ni ya kwangu,
Waiazima, mwenzangu.
Hutazamwa uso wangu,
Wako nani atazama?

Ukifika hapo, sioni haja ya yule mzee anayeingia mwishoni kuwapatanisha na kuwaambia kwamba wote ni muhimu. Waache wabishane hadi pazia lianguke. Watoto watalimaliza shauri lao wenyewe wakiwa njiani, na kwa kelele.

Kuhusu ufundi sina mengi. Mashairi ya mizani nane yanatiririka, na watoto watayapigia makofi bila kufundishwa. Yale ya mizani kumi na sita yenye vina vya kati na vya mwisho ni kazi safi ya mtunzi hodari, lakini kwa mtoto wa miaka minne au mitano pumzi huisha kabla ya kina kurudi, kwa hiyo ningeyapeleka kwa wakubwa kidogo. Kuna mahali mizani imezidi kwa moja, "Jua linapokwenda lala," nawe ukisoma "Jua likienda lala" itakaa sawa. Mahali pengine umeikata mbalamwezi ikabaki "mbala" ili mstari utimie. Inkisari ya namna hiyo inavumilika kwa sisi tuliozoea tungo za kale. Mtoto atasimamisha wimbo kuuliza mbala ni nini. Mbalamwezi ina mizani minne kamili, yaani nusu ya mstari wako, basi iache nzima na ujenge nusu iliyobaki kuizunguka. Tena, katika shairi moja jua "linacheka" na mistari michache baadaye jua "akasema." Vyote viwili vinakubalika, ila chagua kimoja tangu mwanzo. Binafsi ningetumia "anacheka" katika ngonjera, ambamo jua ni mhusika mwenye kinywa, na "linawaka" kwingineko.

Bembelezi mbili za mwisho sijazigusa. Nilipozisoma kwa sauti nilijikuta nimepunguza mwendo bila kuagizwa, nami naamini hicho ndicho kipimo cha bembelezi.

Utakapokuwa umeyarekebisha, usiyasome wewe mwenyewe mbele ya watoto. Mpe mtu ambaye hakuyatunga, asiyejua ulikusudia mkazo uwe wapi, nawe ukae nyuma na kalamu uweke alama kila mahali ulimi wake utakapojikwaa na kila mahali mtoto atakapouliza kitu. Nitafurahi kuyaona tena kabla hujayapeleka kwa mchapishaji, na ukiupenda ubeti wa kioja uchukue uwe wako, huna haja ya kulitia jina langu.

Wasalaam,

Ndimi rafiki yako daima.