Uji kabla ya hesabu

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kondoa. Huku sote wazima, na mtama mwaka huu si haba.

Umeniuliza kama mwanao apelekwe tuisheni kwa kuwa hesabu zinamshinda. Kabla hujatoa hela, angalia kwanza anaondoka nyumbani na nini tumboni.

Hapa nafundisha la tatu. Wengi wanatoka kwao alfajiri hawajatia kitu mdomoni. Aliyebahatika kanywa chai ya rangi. Kipindi cha kwanza ni hesabu. Huyu kalaza kichwa kwenye dawati, yule nikimwita anashtuka, mwingine kanakili swali moja mara mbili na hajui. Saa nne wanakunywa uji. Wakirudi, watoto wale wale wananyoosha vidole mpaka wanasimama! Ubongo wa mtu mzima peke yake unatumia kama asilimia 20 ya nguvu za mwili, na wa mtoto unatumia sehemu kubwa zaidi. Ataiwezaje hesabu kwa njaa ya tangu jana jioni?

Tena kushiba tu hakutoshi. Kule Embu, Kenya, kuanzia 1998 watafiti waliwapa wanafunzi wa shule za msingi githeri, yaani kande ya mahindi na maharage: wengine yenye nyama, wengine na maziwa, wengine iliyoongezwa mafuta, na kundi moja halikupewa. Wa nyama ndio waliosonga mbele zaidi katika majaribio ya kufikiri. Nyama ina madini ya chuma na zinki, na mwili unayapokea kwa urahisi kuliko yale ya nafaka. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, inauzuia mwili kufyonza chuma cha nafaka na mboga. Hili linaniuma sana, maana mama anayempa mwanawe chai asubuhi anampa alichonacho.

Nyama ya kila siku hatuiwezi, najua. Ila karanga zilizosagwa kwenye uji tunaziweza, na dagaa kwenye mboga ya jioni. Wewe mwanzishie Neema uji wa karanga, chai asubiri.

Mimi nataka uji wa shule uhamie kabla ya kipindi cha kwanza. Wenzangu wanasema mpishi anatoka mbali na kuni ni shida. Kwenu mnapika asubuhi na mapema. Mliwashawishije wazazi, na kuni nani analeta? Niandikie kabla ya kikao cha mwezi ujao.

Wako,
Mama Salma