Barua kwa Mwanangu: Hiyo ni Kangomba

Tandahimba,
17 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mama yako ambaye goti limerudi kumsumbua, na mikorosho ya bondeni ambayo imeanza kushikwa na ugonjwa wa ubwiriunga kabla sijapata salfa ya kutosha kuipulizia. Ama baada ya salamu, kaka yako amenionyesha katika simu yake picha za mkataba wa kuuza hadithi zako, ulizomtumia, akaniambia kwamba Jumanne unapanda basi kwenda Dar es Salaam kuutia saini. Nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu niliusoma kwa sauti, kama unavyofanya wewe na mazungumzo ya wahusika wako, nikaona afadhali niandike, maana kwenye simu wewe huniambia "sawa, baba" na maneno yakaishia hapo.

Maneno yaliyoninyima usingizi yako ukurasa wa pili: mwandishi anamkabidhi mnunuzi "haki zote, kwa namna zote, kwa muda wote". Hadithi zako zote kumi na moja, kwa shilingi 4,000,000 zinazolipwa mara moja. Hiyo ni kangomba, mwanangu, ule ununuzi wa korosho kwa bakuli, nje ya mizani ya chama. Sina jina jingine la kuipa, hata kama imepigwa chapa vizuri na kugongwa muhuri. Mtu anayekuja na bakuli lake mwezi kama huu, mikorosho ingali maua, akakuhesabia noti mkononi kwa kuwa amekwisha kuijua shida yako, ndiye huyu huyu. Tena wa kwetu ana nafuu, kwa sababu huchukua korosho za msimu mmoja na mwakani mti unakuzalia tena. Wa kwako anang'oa na mti.

Najua utasema kwamba mimi ni mtu wa mwisho wa kukuhutubia habari za kangomba. Ni kweli kwamba tangazo la kuikataza, lililobandikwa kwenye mlango wa chama chetu cha msingi cha ushirika, lilikuwa la mwandiko wangu. Ni kweli pia kwamba Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, niliyaandika majina ya wenzangu mmoja baada ya mwingine na la kwangu halikuwamo. Ada yako ya mwaka wa mwisho ilikuwa imelipwa Septemba. Sisemi hivyo ili unishukuru, wala sijutii ada. Nasema tu kwamba mtu anaweza kukaa miaka mingi mbele ya mizani, akawasomea watu kilo zao bila kukosea, na shida ikimbana akauza kwa bakuli usiku.

Ulipokuja nyumbani baada ya Idi ukakaa wiki tatu, mama yako alidhani unaumwa kwa sababu hukutoka. Mimi nilikuwa nakutazama. Ulianza kuandika baada ya swala ya alfajiri, pale barazani, kabla kuku hawajafunguliwa, na ilipofika saa nne ulikuwa umeifunga kompyuta. Nikasema moyoni, kazi gani hii ya saa nne, tena ya kukaa? Kumbe iliyobaki ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mchana ulirudia ya asubuhi ukifuta, na mara moja nilikusikia ukiisema sentensi moja ya mwanamke anayemdai mumewe ukweli, ukaisema mara sita au saba kwa sauti ndogo, kila mara ukipunguza neno, mpaka ikabaki na maneno manne. Jioni ulituma sehemu ya siku hiyo kwenye makundi yako ya WhatsApp, kisha ukaanza ukarani: ujumbe wa muamala unaingia, unautafuta kwenye daftari, unaweka alama, unamwingiza mtu kundini, na aliyetuma ujumbe wa kughushi unamrudishia kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo. Saa tano usiku walikuwa bado wanakuandikia wakitaka sehemu inayofuata, na bando ni lako. Siku uliyoshikwa na homa ya malaria uliwaomba radhi kana kwamba umewaibia.

Nililitambua lile daftari kabla sijalisoma. Tarehe, jina, sehemu, kiasi, na mstari mwekundu chini ya kila Ijumaa. Hakuna aliyekufundisha hivyo shuleni.

Sasa sikiliza hesabu, na nimezipata wapi nitakwambia mwishoni. Hadithi yako ya mwisho ilikuwa na sehemu 40, ikalipiwa na wasomaji 412, kila mmoja shilingi 1,500. Hizo ni shilingi 618,000 kwa miezi miwili, kabla ya kutoa bando na makato ya simu. Zigawe 4,000,000 za huyo bwana kwa hadithi kumi na moja, unapata shilingi 363,636 kwa kila moja. Hadithi moja inakupa kwa miezi miwili zaidi ya atakachokupa yeye kwa milele. Nimerudia hesabu hii kwa kalamu na kwa kikokotoo.

Halafu kuna hiyo milele yenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wewe ulizaliwa 1994. Tuseme Mungu amekujalia miaka 70, tumefika 2064. Ongeza 50, ni 2114. Mpaka mwaka huo mtu akitaka kuifanya hadithi yako mchezo wa redio, au filamu, au kitabu cha karatasi, atapaswa kubisha hodi kwako au kwa wanao. Ukishatia saini, wanao ndio watakaobisha hodi kwa watoto wa huyo bwana. Na usidanganywe kwamba hadithi zako hazina mwenyewe kwa sababu hujazisajili. Haki huanza pale unapoiandika kazi, na kusajili katika Ofisi ya Hakimiliki ni kujiwekea ushahidi, jambo ambalo nilikuomba ulifanye tangu mwaka jana na hukulifanya.

Sikufichi kwamba bado naumia ulivyoacha kufundisha. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha miaka mingi huku akiandika, na Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mpaka akastaafu. Mshahara haukumkata mkono hata mmoja wao. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kumwambia mnunuzi arudi kesho. Asiye nao huambiwa yeye. Ninachokiogopa ni hicho, kwamba umekubali kwa sababu kodi ya chumba cha Chikongola imefika. Kama ni kodi, ungesema. Labda ulijaribu kusema. Nakumbuka simu moja ya mwezi wa tano ambayo niliikata mapema kwa kuwa nilikuwa kikaoni, na kikao chenyewe hakikuwa cha maana.

Watu wakiniuliza hapa kwamba binti yako anafanya kazi gani, nilikuwa nikijibu kuwa unasubiri ajira. Nimeacha. Wiki mbili zilizopita, pale kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja alikuwa akiwasomea wenzake kwenye simu, nao wamenyamaza na abiria anangoja. Nilipokaribia nikamsikia yule mwanamke wako, na ile sentensi yake ya maneno manne. Nilimuuliza amelipa wapi, akasema ametumiwa bure na shemeji yake. Sikujua kama nimpe mkono au nimdai 1,500. Nikamwambia kwamba mwandishi ni mwanangu, hakuamini, na mimi nikaondoka nikiwa na furaha isiyo na adabu. Lakini hata wizi ule, mwanangu, ni wa mtu anayeipenda hadithi na hajakunyang'anya. Kesho unaweza kuichapa kitabu na huyo kijana akawa wa kwanza kununua.

Sikwambii usiende Dar es Salaam. Nenda, kwa kuwa mtu aliyetoka huko akakutafuta huku kusini ameona kitu. Mwambie atakodi, hatanunua: achukue hadithi moja, kwa kazi moja iliyotajwa, iwe filamu au mchezo wa redio, kwa miaka mitatu au mitano, jina lako liandikwe, na muda ukiisha irudi kwako. Kumi zilizobaki zisiguswe. Akikataa, muulize kwa upole kwa nini anazihitaji zote wakati amekwambia amezisoma mbili. Na ule mswada wa mvuvi wa Msimbati usiutaje kabisa mbele yake. Nilidhani umekusudia kuupeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nami sioni utaupeleka kama mali ya nani ukishauuza na huo. Akikuharakisha kwa kusema kwamba kuna mwandishi mwingine anangoja nje, ujue kuwa hata wa bakuli husema vivyo hivyo, kwamba jirani yako amekwisha kukubali.

Kama shida ni kodi, kaka yako ataleta shilingi 200,000 Jumatatu jioni. Ni fedha ya salfa. Ya bondeni nitaipulizia baadaye, au haitazaa vizuri mwaka huu, na hilo si jambo la kukuhusu. Mama yako anakuwekea ming'oko na kisamvu kikavu, naye ameniagiza niandike kwamba shangazi yako wa Mbagala amekuandalia chumba na asingependa usikie njaa ukaona haya. Taa ya barazani nimeirekebisha, kwa hiyo ukirudi hutaandikia gizani tena.

Lile daftari la kijani ulilisahau juu ya kabati. Nimelisoma, unisamehe. Nimelifunga kwenye nailoni na kaka yako atakukabidhi pamoja na mzigo, ili Jumanne uwe nalo mkononi unapokaa mbele ya huyo bwana. Ukurasa wa mwisho hukuwa umeujumlisha. Nimejumlisha kwa penseli, na kuna msomaji mmoja wa Newala umemwandika mara mbili. Nimemwekea duara, umtazame mwenyewe kabla hujamfuta.

Ni mimi baba yako.