Lango lililozama ardhini

Roma, Jumatano jioni

Mpendwa Rehema,

U mzima? Mimi mzima, ila miguu inanidai.

Najua unasubiri picha ya Colosseum. Nilifika, nikakuta foleni imejikunja mara tatu na jua la utosi, nikageuka. Usinigombeze. Nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi San Giovanni. Kituo cha njia C pale, kilichofunguliwa 2018, ni nusu stesheni nusu makumbusho: kuta zimeandikwa uko kwenye udongo wa zama zipi, kwa hiyo ukipanda ngazi unatoka kale kuja leo. Kumbuka habari hiyo ya udongo, nitairudia.

Juu kuna lango kubwa, Porta San Giovanni, la mwaka 1574, magari yanapita mfululizo. Pembeni yake kidogo, chini ya usawa wa barabara, nikaona minara miwili ya mviringo ya matofali imelikumbatia tao la mawe meupe. Nikadhani ni mabaki ya ngome fulani tu. Kumbe ndiyo Porta Asinaria, lango lenyewe la zamani! Ardhi ilipanda karne baada ya karne mpaka likawa shimoni, na mwaka 1574 wakalifunga na kufungua lile la jirani. Watu wanalipita wakikimbilia basi. Katika muda wote niliosimama pale hakuna aliyelitazama, isipokuwa paka mmoja, naye alikuwa na shughuli zake.

Jina lake lilinichekesha, maana kwa Kilatini asinus ni punda. Wataalamu wanasema limetokana na barabara iliyoitwa Via Asinaria, labda kwa ukoo wa Asinii. Mimi nabaki na punda wangu.

Lango hili ni sehemu ya ukuta wa kale unaouzunguka mji. Ukuta huo aliuanzisha Kaisari Aurelian mwaka 271, una urefu wa kilomita 19 hivi, na hapa mwanzoni palikuwa na kijilango tu. Minara ya mviringo iliongezwa zama za Kaisari Honorius, mwanzoni mwa karne ya 5, Roma ilipoanza kuogopa.

Sasa sikia kisa, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie. Desemba 536 Belisarius, jemadari wa Dola ya Roma ya Mashariki, aliingia Roma kwa lango hili, siku ileile Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani waliokuwa wakiushika mji, wakitoka kwa lango la upande mwingine wa mji. Anayesimulia ni Procopius, aliyekuwa mshauri wake wa sheria. Miaka kumi baadaye Wagothi wakarudi na mfalme wao Totila, wakauzingira mji. Njaa ikauma hadi watu wakawa wanachemsha viwavi, majani yale yanayowasha, wanayachuma kando ya kuta. Kamanda wa mji, Bessas, wa upande wa Belisarius, nafaka alikuwa nayo, lakini aliwauzia matajiri kwa bei ya kuwakamua. Alitaka mzingiro uendelee, soko lisife!

Lango lilikuwa na zamu ya askari wa Isauria, nchi iliyo ndani ya Uturuki ya leo. Wanne kati yao waliteremka kwa kamba usiku wenzao wakiwa wamelala, wakaenda kwa Totila kumwambia watamfungulia. Totila hakuwaamini upesi. Walirudi tena na tena, naye akatuma watu wake wakahakikishe. Usiku mmoja wa Desemba 546 Wagothi wanne wenye nguvu wakapandishwa ukutani kwa kamba, wakashuka ndani, wakazikata kwa mashoka boriti za komeo zilizopachikwa ukutani pande mbili, wakavunja na vyuma vya kufuli. Jeshi likaingia bila kugonga jiwe hata moja. Bessas akakimbia na kuiacha hazina yake, mali yote aliyokusanya kwa njaa ya watu.

Niliinama sana nikitafuta mashimo ya boriti zile, lakini kutoka pale nilipokuwa sikuyaona. Wale askari nao sijui niwaiteje. Wasaliti, ndiyo, na walihongwa ahadi za mali. Lakini nikimfikiria bosi anayelala juu ya magunia watu wanachemsha viwavi, ulimi unakuwa mzito. Wewe ungewaitaje?

Kando ya ukuta, Via Sannio, kuna soko la mitumba. Naam, mitumba kabisa, imetundikwa na kurundikwa kama unavyoijua. Nimekununulia koti la kahawia. Mfuko wa kushoto umetoboka, nitaushona kabla sijarudi. Picha ya lango naambatisha humu: mnara mmoja umekatwa na basi, na ukiangalia vizuri chini kulia utamwona yule paka.

Msalimie mama.

Wako,
Mwanaidi