Kukata na kuunga DNA si kukokotoa kila kitu

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu DNA na kompyuta ilipita mikononi mwa walimu kadhaa hapa Mbale, nami nashukuru kwamba mada hiyo imepewa nafasi katika gazeti la Kiswahili. Hata hivyo, mwandishi wake alidai kwamba, kwa kuwa vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia, na hapa zile zinazofanya kazi kama mkasi) hukata DNA na vipande vyake huungwa upya, basi DNA inaweza kukokotoa chochote. Dai hilo si sahihi, na hisabati inayoonyesha kosa lake ina zaidi ya miaka thelathini.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu istilahi. Makala iliita tawi la hisabati linalohusika hapa nadharia ya "lugha rasmi". Kwetu Uganda maneno hayo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye katiba na nafasi ya Kiswahili kando ya Kiingereza. Mwenzangu mmoja alisoma nusu ya makala akisubiri Bunge litajwe. Napendekeza tuseme "lugha za kanuni", yaani seti ya maneno yanayoundwa kwa herufi chache kwa kufuata kanuni zilizo wazi, yawe na maana au yasiwe nayo.

Mwaka 1987 mwanahisabati Tom Head alizitazama molekuli za DNA kama maneno ya lugha ya namna hiyo, yanayoandikwa kwa herufi nne A, C, G na T, yaani viungo vinne vinavyojenga uzi wa DNA. Kimeng'enya kiitwacho EcoRI hutafuta mfuatano GAATTC na kukata kati ya G na A katika kila uzi, na kwa kuwa nyuzi mbili za DNA husomwa kwa mielekeo inayopingana, mikato hiyo haikutani, bali huacha herufi AATT zikining'inia upande mmoja. Kimeng'enya kingine, MfeI, hukata CAATTG kati ya C na A, nacho huacha AATT zilezile. Kwa sababu hiyo, kichwa (kipande cha mwanzo) kilichokatwa na cha kwanza huweza kuungwa na mkia (kipande cha mwisho) uliokatwa na cha pili, na mahali pa kiungo pakasomeka GAATTG, mfuatano ambao hakuna hata kimoja kati ya vimeng'enya hivyo viwili kinachoutambua tena. Head aligeuza tendo hilo kuwa kanuni: chukua maneno mawili, kata kila moja mahali palipotajwa, kisha unga mwanzo wa moja na mwisho wa jingine, na urudie bila kikomo.

Je, maneno ya kuanzia yakiwa na idadi yenye kikomo, na kanuni vilevile, tutapata lugha gani? Karel Culik na Tero Harju walithibitisha mwaka 1991 kwamba lugha itakayopatikana daima inaweza kutambuliwa na otomata (mashine ya kinadharia inayosoma neno herufi kwa herufi) yenye idadi ya hali iliyo na kikomo, mashine dhaifu kuliko zote katika ngazi ya Chomsky, yaani mpangilio wa lugha za kanuni kulingana na nguvu ya mashine zinazozitambua, isiyoweza hata kuhakiki kama mabano yaliyofunguliwa yamefungwa yote.

Tena si kila lugha ya mashine hiyo dhaifu hupatikana. Nilipowapa wanafunzi wangu vibanzi vya karatasi, mkasi na gundi, niliwataka watunge kanuni za kuzalisha maneno yote yenye herufi a peke yake, mradi idadi yake igawanyike kwa mbili. Walihangaika kipindi kizima, kisha msichana mmoja akasema kwamba mkasi hauhesabu. Alikuwa amefika kwenye kiini chenyewe, kwa maana kanuni huona herufi chache tu zilizo jirani na mkato, na ndani ya safu ndefu ya a kila mahali hufanana na pengine, hivyo atakayekata neno moja baada ya herufi tano na jingine kabla ya nne za mwisho atapata tisa, na lugha imekwisha kuharibika.

Nguvu kamili ya mashine ya Turing, kielelezo cha kinadharia cha kompyuta inayoweza kukokotoa chochote kinachokokotoleka, hupatikana kwa masharti ya ziada, kwa mfano kanuni ikiruhusiwa kufanya kazi pale tu ambapo neno lina herufi fulani mahali pengine, na maneno ya mwisho yakachujwa kwa alfabeti teule, yaani yakabakizwa yale tu yaliyoandikwa kwa herufi zilizochaguliwa. Mwanahisabati Gheorghe Păun na wenzake wameeleza mifumo hiyo kwa kina. Lakini nguvu hiyo imetoka kwenye masharti hayo, wala si kwenye mkasi, na mwandishi hakuyataja.

Aidha, jaribio la mwanasayansi wa kompyuta Leonard Adleman la mwaka 1994, lililotumia DNA kutafuta njia ya kupitia vituo saba, kila kimoja mara moja, lilitajwa kana kwamba ndilo chimbuko la mfumo wa Head. Head alitangulia kwa miaka saba, na Adleman aliunganisha vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi, kisha akachuja. Hakutumia mchezo huu wa kubadilishana vichwa na mikia.

Naomba pia mchoro wa makala urekebishwe, kwani unaonyesha nyuzi zote mbili zikikatwa mahali pamoja, sambamba, kama muwa. Kwa mkato wa namna hiyo AATT zisingebaki zikining'inia, na msomaji hawezi kuona kwa nini kipande kimoja kinakubali jirani huyu na kumkataa yule.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, Mbale