Mhariri, tuambie maji yatafika wapi

Ndugu Mhariri,

Nakuomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na tangu 2004 naishi Houston, jimbo la Texas, ambako nahudumia wazee. Gazeti lako nalisoma kwenye simu kabla sijaingia zamu, nikianzia na tanzia kama alivyokuwa akifanya marehemu baba. Dukuduku lenyewe ni la neno moja mnaloliandika kila Agosti na Septemba zikifika: daraja.

"Kimbunga cha daraja la kwanza chainyemelea Texas." Habari ya namna hiyo ilimfikia shangazi yangu Julai 2024, kimbunga Beryl kilipokuwa njiani. Shangazi ni mtu wa enzi za treni zenye madaraja, na amesomesha watoto sita. Kwake la kwanza ni la kwanza. Siku chache nyuma alishasikia kwamba kimbunga hichohicho kilikuwa cha daraja la tano huko Karibi. Akanipigia huku analia: "Mwanangu, juzi kilikuwa cha tano, leo kimekuwa cha kwanza! Si ndiyo kimezidi?" Nikamwelewesha kwamba hesabu za vimbunga zinakwenda kinyume na matokeo ya mitihani: la kwanza ndilo dogo, la tano ndilo la kung'oa nyumba. Akashusha pumzi. "Ah, kumbe kidogo. Alhamdulillahi." Akakata simu, akawatangazia majirani kwamba Houston hakuna kitu.

Nilipomwondolea kosa la kwanza nikampa la pili, la kudhani daraja dogo ni hatari ndogo, na hilo la pili ndilo mnalotupa ninyi wasomaji wenu kila mwaka.

Kile "kidogo" kilitua karibu na Matagorda, pwani ya Texas, Julai 8, huku saa kumi alfajiri, kwenu saa sita mchana. Upepo ulilia mpaka kukapambazuka, miti ikalalia nyaya, na wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme. Wengine walikaa siku moja, wengine wiki na ushei. Kwetu ulirudi siku ya saba. Msomaji wa Dar atasema, wiki moja bila umeme ni nini, mgao tumeuzoea. Nami nilisema hivyohivyo nilipofika huku. Lakini nyumba zetu za pwani zina madirisha ya kupitisha upepo, zina baraza, zina kivuli cha mwembe. Nyumba za Houston zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi: dari fupi, kuta zimejazwa sufi, madirisha mengine hayafunguki kabisa. Umeme ukikatika Julai, joto la nje ni nyuzi 35, na ndani kunakuwa kama umo kwenye chungu kilichofunikwa. Wapo watu, hasa wazee, waliokufa kwa joto ndani ya nyumba zao wakati kimbunga chenyewe kimeshapita na jua linawaka. Daraja la kwanza hilo.

Nieleze kidogo tunavyoishi msimu wa vimbunga, maana picha za televisheni zinaonyesha mapaa yakiruka tu. Msimu unaanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, lakini kilele chake ni hapa katikati, karibu na Septemba 10. Vimbunga vingi vya miezi hii chanzo chake ni misukosuko ya hewa inayotoka Afrika Magharibi na kuvuka Atlantiki. Jirani yangu Msenegali namtania kwamba ni mizigo yao inatufuata. Kikitajwa tu kuingia Ghuba ya Meksiko, maji ya chupa yanaisha madukani, kisha mkate, kisha betri. Foleni ya petroli inafika barabara kuu. Mimi najaza chupa maji nazigandisha kwenye friza, umeme ukikatika zinakuwa barafu, zikiyeyuka zinakuwa maji ya kunywa. Beseni la kuogea nalijaza pomoni kwa ajili ya choo. Watoto wangu waliozaliwa huku hucheka, wanasema mama anajenga kisima. Mwaka wa Beryl hawakucheka.

Siku ya tatu ya Beryl friza zote za jengo letu zilikuwa zimeanza kuvuja. Watu wakatoa nyama zao kwenye maegesho ya magari. Mmeksiko akachoma, mama mmoja wa Kikongo kutoka Uvira akakaanga samaki wa mtaa mzima, mimi nikapika pilau kwa jiko la mkaa ambalo dada yangu aliniletea kutoka Tanga likiwa limefungwa khanga nne ndani ya sanduku. Hatujawahi kufahamiana kama siku ile.

Lakini hapohapo kwenye jiko kuna hatari, na naomba mliandike hili kwa herufi kubwa. Mkaa huku ni wa nje tu. Nyumba zisizopitisha hewa hugeuza moshi wa mkaa, na wa jenereta pia, kuwa kaburi. Gesi yenyewe, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Baridi kali ya Februari 2021 ilipokata umeme Texas, watu wengi hapa Houston walikimbizwa hospitali kwa sumu hiyo, wengine kwa kuota moto wa mkaa sebuleni. Sisi tuliokulia jiko likiwa uani tunadhani tunalijua.

Turudi kwenye daraja. Mwaka 2017 Harvey kilitua Rockport, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, usiku wa Agosti 25, daraja la nne. Magazeti yote yakaandika daraja la nne. Kilipotufikia Houston upepo wake ulikuwa umepungua, kikashushwa kuwa dhoruba tu, hakina daraja lolote. Ndipo kilipotuzamisha. Kilikaa hakisogei, kikanyesha siku nne. Mji wa Nederland, mashariki mwetu, ulipata mvua ya zaidi ya milimita 1,500. Tanga kwa kawaida haipati kiasi hicho kwa mwaka mzima.

Mimi nilikuwa kazini. Zamu niliyoingia Jumamosi jioni niliitoka Jumanne. Barabara za Houston zimechongwa chini kuliko nyumba makusudi, ili mvua ikizidi zibebe maji, kwa hiyo dirishani niliona mto pale nilipoegesha gari. Tulikuwa wahudumu wachache na wazee wengi. Tuliwapandisha ghorofani mmoja mmoja kwa ngazi, wanne tumebeba kiti, tukihesabu vidato. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya 90, mzaliwa wa Galveston, alikataa kuhama mpaka nimletee viatu vyake vya kanisani. Aliniambia mama yake aliwasimulia kimbunga cha Septemba 1900, kilichoua watu wasiopungua 6,000 kisiwani kwao, na kwamba waliofukuliwa kwenye mchanga walitambuliwa kwa viatu. Nikavileta viatu. Maji yaliishia kidato cha tatu.

Texas nzima Harvey kiliua moja kwa moja watu 68, na 65 kati yao waliuawa na maji ya mvua. Si bahari, si bati lililoruka. Na miaka miwili baadaye, Septemba 2019, ikaja Imelda, ambayo haikufikia hata kuitwa kimbunga, ikamwaga zaidi ya milimita 1,000 mashariki mwa Texas. Huko nyumbani hakuna aliyenipigia. Haikuwa na daraja, kwa hiyo haikuwa habari.

Namba kubwa nayo ina madhara yake. Septemba 2005, wiki chache baada ya kimbunga Katrina kuizamisha New Orleans, tuliambiwa Rita ni daraja la tano kinakuja kwetu. Watu zaidi ya milioni 2 wakaingia barabarani kwa mpigo, wakiwemo waliokuwa mbali kabisa na bahari. Mimi nilitumia saa 14 kwenda mahali pa mwendo wa saa 2. Magari yaliishiwa mafuta katikati ya njia, na basi lililobeba wazee liliwaka moto wakafa 23. Rita kikapinda, kikatua mpakani na Louisiana. Waliokufa kwa safari wakawa wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Wenyeji wana msemo, maji yakimbie, upepo jifiche; siku ile tulikimbia namba.

Wataalamu wenyewe wanajua udhaifu wa kipimo chao. Ike cha 2008 kilitua kikiwa cha daraja la pili tu, lakini bahari iliyopanda nacho ilifuta nyumba za rasi ya Bolivar, zikabaki nguzo. Tangu 2010 Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Miami kimeongeza neno "upepo" kwenye jina la kipimo hicho, ili kila mtu ajue kinapima nguvu ya upepo tu, si maji. Kwenye kurasa zetu za Kiswahili neno hilo halijafika.

Nisije nikaambiwa haya ni ya Wamarekani. Mei 2024 tulifuatilia kimbunga Hidaya kikielekea Mafia, tukafurahi kilipotangazwa kimepoteza nguvu. Upepo ndio ulipoteza nguvu. Mvua iliendelea, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika Somanga, na abiria wakalala njiani.

Ninachoomba ni hiki. Taarifa za Miami mnazotafsiri huwa na mambo mengine mawili pembeni ya daraja: bahari inatarajiwa kupanda futi ngapi, na mvua itashuka inchi ngapi. Chukueni hizo, mzigeuze mita na milimita, mziweke kwenye kichwa cha habari, daraja lifuate chini. Pia mnachanganya onyo linalotolewa saa 48 kabla, kwamba kimbunga huenda kikafika, na lile la saa 36 kabla, kwamba kinatarajiwa kufika; yote mnaandika tahadhari. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa ina ngazi zake nzuri, angalizo kwanza kisha tahadhari. Yatumieni maneno hayo, maana la kwanza linaniambia ninunue maji na la pili linaniambia muda wa dukani umekwisha.

Kwa wasomaji walio huku na wamenunua nyumba: bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida husubiriwa siku 30 ndipo ianze kazi, kwa hiyo ukiikumbuka kimbunga kikiwa Karibi umechelewa. Mfanyakazi mwenzangu alilijua hilo Agosti 2017, zulia likiwa linaelea.

Na kwa ndugu zetu wa nyumbani, tafadhali, usiku wa kimbunga msipige simu, andikeni ujumbe. Chaji ya simu usiku ule tunaipima kwa kijiko. Alfajiri ya Beryl nilipigiwa na watu 19 kabla jua halijachomoza, wote wakiuliza swali moja, na simu ikazima wakati mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa ananitafuta.

Shangazi hakuwemo kati ya hao 19, kwa sababu nilishamwambia ni daraja la kwanza. Siku hizi akisikia jina jipya ananiandikia mstari mmoja: "Maji yatafika wapi?" Nami namjibu nikiwa nimesoma kwa Kiingereza, kwa sababu kwenye gazeti lako sijayaona bado.

Ni mimi msomaji wako,
Mtoto wa Ngamiani,
Houston, Texas