Kabla hatujakata vipande

Habari zenu wapendwa. Tunaanza blanketi za viraka, kwa hiyo fueni vitambaa vyote kwanza, hasa vyekundu na buluu iliyokoza. Pamba husinyaa, na rangi ikichuja mkiwa mmeshamaliza kushona, kile cheupe kilicho kando yake ndiyo basi tena.

Mshono uwe milimita 6 kutoka ukingoni, usibadilike. Ukizidisha milimita 1 tu kila ukingo, safu ya miraba 10 inapungua karibu sentimita 2, na pembe hazikutani.

Rangi msiziogope! Tandazeni vipande sakafuni, rudini nyuma, tazameni macho yakiwa nusu wazi: palipokolea mno patajionyesha. Hapo mimi hukaa zaidi kuliko kwenye cherehani, na kwangu ndiyo raha yenyewe. Tumeni picha za mpangilio kabla ya kuunga, tushauriane.